Takwimu za Jirani

Mwezi Januari 1994, wadadisi waliokuwa wakizunguka vijiji vya Kagera na madodoso yao walimaliza mzunguko wa nne na wa mwisho. Walikuwa wameanza mwaka 1991. Kwa zaidi ya miaka miwili walirudi kwenye nyumba zilezile, kaya 915 katika jumuiya 51, wakiuliza yaleyale: mmevuna nini, mmeuza nini, nani aliumwa, nani amefariki, mtoto amefikia urefu gani. Kazi hiyo ilikuwa ya Benki ya Dunia na Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Muhimbili. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na wachumi walitaka kujua kaya inabaki vipi baba au mama akifa akiwa bado na nguvu za kulima.

Tarehe 28 Aprili mwaka huohuo, watu waliokuwa wakikimbia mauaji ya Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Ndani ya muda wa saa ishirini na nne walikuwa wamevuka takribani robo milioni.

Kati ya mzunguko wa mwisho wa dodoso na siku ile ya Rusumo ni miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu imezaa makala katika majarida makubwa ya uchumi duniani, imesaidia watu kupata shahada za uzamivu na nafasi za kudumu katika vyuo vya Ulaya na Marekani, na imeamua, bila mtu yeyote kukusudia, ni eneo gani la magharibi mwa Tanzania litakalojulikana na wachumi na lipi halitajulikana. Kagera ilijulikana. Kasulu na Kibondo, kusini kidogo tu ya hapo, zilizopokea wakimbizi mapema zaidi na kuishi nao kwa muda mrefu zaidi, hazikujulikana kwa namna hiyo.

Nasoma uchumi, ngazi ya uzamili. Katika darasa la uchumi wa maendeleo tulipofika kwenye mada ya wakimbizi, karibu kila makala tuliyopewa kuhusu Tanzania ilitoka Kagera. Ndipo nilipoanza kufuatilia waandishi wake: nani ni nani, alisomea nini, alifikaje Ngara kwenye karatasi, na baada ya Ngara alikwenda wapi. Historia ya somo letu mara nyingi hufundishwa kama historia ya nadharia. Mimi naona inaeleweka vizuri zaidi ukiifuata kama historia ya watu wenye kazi, wenye muda mfupi wa kuchapisha, na wanaotafuta takwimu.

Tuelewane kwanza kuhusu mantiki yao, maana haina hila. Ukitaka kujua wakimbizi wamewafanya nini wenyeji, haitoshi kwenda kijijini leo ukauliza maisha yakoje. Watakwambia yamepanda au yameshuka, lakini huwezi kutenganisha kilichotokana na wakimbizi na kilichotokana na ukame, bei ya kahawa au barabara mpya. Unahitaji kujua hali ilivyokuwa kabla. Unahitaji pia vijiji vingine vinavyofanana na hivyo ambavyo wakimbizi hawakuvifikia. Kagera ilitoa vyote viwili. Dodoso la UKIMWI lilikuwa limepima kaya kabla ya Rusumo. Nao wakimbizi walibaki upande wa magharibi wa mkoa, Ngara na Karagwe, karibu na mpaka, kwa sababu milima na umbali viliwazuia kusambaa hadi Bukoba na Muleba. Mchumi akiona hali kama hiyo, moyo wake unadunda. Ni kana kwamba maabara imejijenga yenyewe.

Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wa zile kaya 915. Waliofanya kazi ya kuwasaka walitumia kampuni ya utafiti iliyokuwa na makao Bukoba, EDI, iliyoanzishwa na Mbelgiji Joachim De Weerdt. Walizipata asilimia 93 za kaya za awali, na kwa kuwa watoto walikuwa wamekua, wameoa, wameolewa na kuhama, kaya zile zilikuwa zimegawanyika na kuwa zaidi ya 2,700. Walirudi tena 2010. Wanaoijua kazi ya kutafuta mtu aliyehama miaka kumi iliyopita katika nchi isiyo na anwani za nyumba wataelewa kwa nini naitaja kwa heshima.

Kuanzia hapo makala zilikuja. Javier Baez, ambaye alikwenda kufanya kazi Benki ya Dunia, alichapisha mwaka 2011 uchunguzi wake kuhusu watoto wa Kagera waliokulia karibu na makambi. Aliona madhara ya kutisha: watoto wafupi kuliko umri wao ulivyotaka, magonjwa ya kuambukiza kuongezeka kwa pointi 15 hadi 20 za asilimia, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano kupanda. Wabelgiji wawili, Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, walichapisha mwaka 2014 makala iliyowagawa wenyeji katika makundi. Mkulima mwenye shamba lake alinufaika, kwa kuwa alipata vibarua wa bei nafuu na wanunuzi wengi. Aliyekuwa akiishi kwa kibarua aliumia mara mbili, kwa ujira uliobanwa na chakula kilichopanda bei. Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva wa Oxford, mwaka 2016, waliona jambo linaloshabihiana na hilo: wenyeji waliokuwa karibu zaidi na wakimbizi walirudi kwenye mashamba na mifugo ya nyumbani na kuacha kazi za kuajiriwa nje.

Angalia watu hawa wametoka wapi. Verwimp alisomea Leuven, na utafiti wake wa uzamivu ulihusu uchumi wa siasa za Rwanda na mauaji ya kimbari. Kitabu chake cha 2013, Peasants in Power, ni mwendelezo wa kazi hiyo. Kwake Kagera ilikuwa upande wa pili wa mpaka wa swali alilolibeba tangu ujana. Kwa Jennifer Alix-Garcia ni tofauti kabisa. Jina lake limejengwa na misitu: ukataji miti na malipo kwa vijiji vinavyotunza misitu nchini Mexico. Lakini mwaka 2010, pamoja na David Saah, alichapisha makala kuhusu bei za vyakula katika masoko ya Tanzania kati ya 1992 na 1998. Waligundua kwamba vyakula visivyokuwemo katika mgawo wa msaada vilipanda bei sana karibu na makambi, huku vile vilivyogawiwa vikipanda kidogo tu. Kaya za vijijini karibu na makambi zilipata mali zaidi, wakati za mjini zilikandamizwa na bei. Ni makala ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili, pengine kwa sababu inaanzia sokoni.

Halafu kuna Gilles Duranton. Huyu ni Mfaransa anayefundisha Marekani, bingwa wa uchumi wa miji. Makala yake inayojulikana zaidi, aliyoandika na Matthew Turner mwaka 2011, inaeleza kwa nini kujenga barabara zaidi katika miji ya Marekani hakupunguzi foleni, kwa kuwa magari huongezeka kadiri barabara zinavyoongezeka. Mtu wa foleni anafuata nini Ngara? Anafuata barabara. Yeye na Maystadt walichapisha mwaka 2019 makala inayodai kwamba hata miaka mingi baada ya wakimbizi kuondoka Kagera, vijiji vilivyokuwa karibu na makambi viliendelea kunufaika, na sababu kubwa ni barabara zilizojengwa au kutengenezwa ili malori ya msaada yapite. Gharama ya usafiri ilishuka, na haikupanda tena malori yalipoondoka.

Nimewataja kwa urefu kwa sababu sitaki msomaji adhani nawalaumu. Ni kazi nzuri. Swali langu ni kuhusu mahali zilipoishia.

Wakimbizi wa Burundi waliingia Kibondo na Kasulu miezi sita kabla ya Rusumo. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na watu wakaanza kuvuka mpaka. Wengine walikuja mwaka 1996, Pierre Buyoya alipotwaa madaraka tena mwezi Julai. Mwezi Novemba mwaka huo Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Mwezi Desemba Wanyarwanda wa Ngara walirudishwa kwao kwa nguvu, na tangu hapo uzito wa wakimbizi nchini ukahamia Kigoma. Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago zilikuwa Kibondo, na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu zilikuwa Kasulu. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mwaka 2015, Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu, Warundi walirudi tena. Nyarugusu ikavuka watu 150,000, Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba, na Mtendeli Januari 2016. Wakati huo Mtendeli ilikuwa tayari ndani ya wilaya mpya ya Kakonko, iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012, kama Buhigwe ilivyokatwa kutoka Kasulu.

Wanyarwanda wa Ngara walikaa miaka miwili na nusu. Nyarugusu imekaa karibu miaka thelathini. Mtoto aliyezaliwa Makere, kijiji jirani na Nyarugusu, kambi ilipofunguliwa, sasa ana watoto wake mwenyewe wanaosoma shule. Kwake kambi ni kitu alichokikuta.

Hapo ndipo zana za Kagera zinapoanza kupwaya. Mbinu ile inapima mshtuko, yaani hali kabla, hali baada, na tofauti kati yake. Inafaa sana kwa kitu kinachokuja ghafla na kuondoka. Kwa jambo lililokuja, likakaa, likapungua, likarudi na kukaa tena, maneno "kabla" na "baada" yanakosa mahali pa kusimama. Lipi ni "kabla" kwa Kibondo? Kabla ya 1993? Hata miaka ya 1970, baada ya mauaji ya 1972 nchini Burundi, Warundi walikuwa wamejipenyeza katika vijiji vya mpakani huku wengine wakipelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo.

Kuna suala la lugha pia. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mrundi akifika kwenye shamba la mihogo Kibondo kuomba kibarua, hakuna haja ya mkalimani, na mwenye shamba anaweza kuwa na mjomba ng'ambo. Dodoso linalouliza "umeajiri mkimbizi?" linaingia mahali ambapo jibu la kweli na jibu la usalama si jibu moja, hasa tangu Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na amri zilizomkataza mkimbizi kutoka zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Soko la kibarua ambalo Maystadt na Verwimp walilichora Kagera lipo Kigoma pia, lakini linafanyika nusu gizani.

Na barabara? Kutoka Nyakanazi hadi Kasulu kupitia Kakonko na Kibondo, malori ya msaada yalipita miaka hiyo yote kwenye vumbi jekundu wakati wa kiangazi na kwenye tope wakati wa masika. Ujenzi wa lami wa kilomita 260 kati ya Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu na Manyovu, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umekuja zaidi ya miongo miwili baada ya makambi. Kama faida ya kudumu ya wakimbizi inapitia kwenye barabara, basi hesabu ya Duranton na Maystadt ingeleta jibu jingine kabisa ingefanywa huku. Au pengine jibu lilelile, kwa njia nyingine. Ndiyo maana ya kufanya hesabu.

Si kwamba hakuna aliyekuja. Beth Elise Whitaker alizunguka Kagera na Kigoma katika miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba mzigo na faida ya wakimbizi viligawanyika kwa jinsia, umri, utajiri na mahali mtu alipoishi. Loren Landau aliiweka Kasulu sambamba na Mpwapwa, wilaya isiyo na wakimbizi, na mwaka 2008 akatoa kitabu kizima, The Humanitarian Hangover. Kituo cha masuala ya uhamaji wa kulazimishwa cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa ripoti yake mwaka 2003, ikiongozwa na Bonaventure Rutinwa na Khoti Kamanga. Lakini Whitaker na Landau ni watu wa sayansi ya siasa, na Rutinwa na Kamanga ni wanasheria. Kazi zao hazionekani sana katika orodha za kusoma za wachumi, maana wachumi hunukuu wachumi. Kosa hilo ni la kwetu.

Ukirudi nyuma zaidi, utaona kwamba hii si mara ya kwanza wachumi kuwaona watu wa milima hii bila kufika kwao.

Mwaka 1958, chama cha wakulima wa mkonge Tanganyika kilichapisha uchunguzi wa kiuchumi wa tasnia hiyo, ulioandikwa na C. W. Guillebaud wa Chuo cha St John's, Cambridge. Claude Guillebaud alikuwa mpwa wa Alfred Marshall, yule ambaye kitabu chake Principles of Economics kiliwafundisha wachumi wa vizazi kadhaa kuchora mistari ya ugavi na mahitaji. Guillebaud alitumia miaka mingi kuandaa toleo la kitaaluma la kitabu cha mjomba wake, likatoka mwaka 1961. Kabla ya hapo, kati ya 1953 na 1956, aliongoza kamati iliyochunguza gharama za huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaa na kuhesabu gharama za singa za Tanga na Morogoro.

Na singa zile zilikatwa na nani? Kwa sehemu kubwa na watu waliotoka mbali, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotoa watu wengi. Walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, waliandikishwa huko Kasulu na Kibondo, wakashuka hadi reli, wakapanda treni kwenda mashariki. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi ambayo ilipaswa kujazwa ndani ya siku arobaini na mbili. Kuanzia mwaka 1944 uandikishaji uliunganishwa chini ya ofisi moja ya waajiri, SILABU. Kodi ya kichwa ilimsukuma mwanaume atoke, na ukosefu wa zao la biashara milimani ulimzuia kubaki.

Uchunguzi wa Guillebaud ulikuwa wa tasnia, ulioagizwa na wenye tasnia, kwa hiyo unamwona Muha anapofika shambani na unamwacha anapopanda treni kurudi. Kilichoendelea nyumbani, nani alilima, nani alilipa deni, mke alikula nini mwaka ule mumewe alipokuwa Korogwe, hakikuwa swali lake. Ilikuwa hadi mwaka 1983 ambapo mwanahistoria Laurent Sago, katika kitabu kilichochapishwa Hamburg kuhusu vibarua wahamiaji wa mkonge, aligeuza darubini na kuiandikia Kigoma yenyewe kama hifadhi ya nguvukazi: eneo lililoachwa bila mazao ya fedha ili liendelee kuzalisha watu wa kuondoka.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 na 1960, nadharia kuu za uchumi wa maendeleo zilikuwa zinahusu mtu huyuhuyu. Arthur Lewis, mzaliwa wa St Lucia aliyekuwa profesa Manchester, aliandika mwaka 1954 kuhusu uchumi wenye nguvukazi isiyo na kikomo, ambamo watu wanatoka kwenye kilimo cha kujikimu kwenda kwenye sekta ya kisasa bila ujira kupanda. Aliipatia Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Michael Todaro na John Harris, waliofanya kazi Nairobi katika miaka ya 1960, waliandika kwa nini watu wanahamia mjini hata kama kazi hakuna. Mwanaume wa Kasulu mwenye namba yake amejaa katika milinganyo hiyo, ila jina la wilaya yake halimo.

Na karibu nusu karne baadaye, zile takwimu za Kagera zilimrudisha. Kathleen Beegle, De Weerdt na Stefan Dercon, profesa wa Oxford aliyewahi pia kuwa mchumi mkuu wa idara ya misaada ya Uingereza, walilinganisha ndugu waliokulia kaya moja mwaka 1991. Kwa waliohama, ukuaji wa matumizi kufikia 2004 ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Wazee wa Kasulu waliohesabiwa kwa kipande wangeuliza swali moja tu: wamehamia wapi, na nani kawaandikisha?

Chuo chetu wenyewe, Dar es Salaam, hakikukosa wachumi. Ofisi ya utafiti wa uchumi ilianzishwa miaka ya 1960, na Gerald Helleiner, Mkanada aliyetoka Yale, aliiongoza kati ya 1966 na 1968. Tamás Szentes alikuja kutoka Hungary. Justinian Rweyemamu, mtoto wa Kagera mwenye uzamivu wa Harvard, alichapisha mwaka 1973 kitabu chake kuhusu viwanda na kudumaa kwa uchumi wa Tanzania, na akafariki 1982 akiwa bado kijana. Mijadala yao ilikuwa mikali na mikubwa: mfumo wa dunia, viwanda, vijiji vya ujamaa. Kigoma ilionja ujamaa mapema, maana Operesheni Kigoma ya kuhamishia watu vijijini ilifanyika 1972, kabla ya nchi nzima kuamriwa.

Kizazi kilichofuata kilikuta nchi imeishiwa fedha za kigeni. Ibrahim Lipumba, mzaliwa wa Tabora, alirudi na uzamivu wa Stanford. Benno Ndulu alirudi na wa Northwestern. Ungewaambia mwaka 1984, mafuta hakuna na sabuni inauzwa kwa foleni, waache suala la thamani ya shilingi wakapime kaya za Kibondo, wangekushangaa, na wangekuwa na haki. Mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ulitiwa saini 1986. Helleiner alirudi katikati ya miaka ya 1990 kuongoza jopo huru kuhusu Tanzania na wafadhili wake, Lipumba na Ndulu wakiwa wajumbe, na ripoti ikatoka 1995. Ndulu akawa gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Maprofesa wa uchumi wa Dar walibobea katika bajeti, madeni na viwango vya kubadilisha fedha kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa yakiungua. Kaya waliwaachia wageni wenye fedha za kuzipima.

Hata mchumi aliyetoka milima hiyohiyo alipita njia hiyo. Philip Mpango, aliyezaliwa mwaka 1957 katika eneo ambalo sasa ni Buhigwe, alipata uzamivu wake Dar es Salaam na akafundisha hapo, akaenda Benki ya Dunia, Tume ya Mipango na Wizara ya Fedha, na kuanzia Machi 2021 hadi 2025 akawa Makamu wa Rais. Ni ngazi ileile: chuo, kisha bajeti ya taifa. Sioni ajabu. Hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa kujua bei ya debe la mihogo Kasulu.

Siku nilipowasilisha wazo la tasnifu yangu, kuhusu bei za vyakula katika masoko ya pamoja ya Nyarugusu na Nduta, niliulizwa swali moja na mmoja wa walimu: takwimu zako za mwanzo ziko wapi? Kisha, kwa nia njema kabisa, akashauri: kwa nini usitumie za Kagera? Zipo, ni bure, unazipakua jioni hii. Utafiti wa kaya wa kitaifa unaofuatilia kaya tangu 2008 ulianza na kaya zaidi ya 3,200, lakini ukizigawa kwa wilaya, Kasulu inabaki na kaya za kuhesabika. Mwanafunzi mwenye miezi tisa na mkopo wa bodi atachagua nini? Wenzangu wawili wamechagua Kagera, na tasnifu zao zitakuwa nzuri kuliko yangu.

Kilichoniuma zaidi ni mwaka 2016. Mwezi Desemba, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya mgawo wa unga, kunde na mafuta. Kwa mwanafunzi wa bei ile ilikuwa zawadi. Tangu 1996 chakula cha msaada kilikuwa kinaingia sokoni kwa mlango wa nyuma, sasa fedha zingeingia kwa mlango wa mbele, na ungeweza kuona kwa wiki mahindi ya Makere yanafanya nini. Mwaka 2017, kabla programu haijatimiza mwaka, serikali iliisitisha. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi pamoja na wenyeji. Masoko ya pamoja yakaanza kubanwa.

Kwa hiyo nimeanza kutafuta mahali pengine. Kila soko la halmashauri lilikuwa na mtu wa ushuru kabla ya mashine za kielektroniki, na mtu wa ushuru alikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni: tarehe, bidhaa, magunia mangapi, kiasi kilicholipwa. Mwezi uliopita nilikaa siku mbili katika stoo ya ofisi moja ya kata wilayani Kasulu. Vitabu vingi vimeliwa na mchwa. Vilivyobaki vimefungwa kwa kamba ya katani, na kaboni imefifia hadi inabidi uinamishe karatasi kwenye dirisha ili usome. Mtendaji aliniuliza mara tatu kama ni kweli natafuta ushuru wa mihogo wa mwaka 1999. Nikamwambia ndiyo, na wa 1992 pia, kama upo.